Milango ya kabati la jikoni: mke anataka mikunjo, mimi nataka Shaker. Ninunue biti gani?

Mchanga wa Chanika (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda changu huku Chanika, kimefika hatua ya jikoni. Mafundi wawili walinitajia bei ya kabati nikakohoa, nikaamua nitengeneze mwenyewe. Maboksi nimeshayaunga kwa bodi ya milimita 18, yamesimama na hayayumbi. Imebaki milango 11 na droo 4.

Ruta ninayo (mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka, ndiyo biti), ya mtumba, koleti yake ya kushikia biti ni ya nusu inchi, kasi yake unaipanga kuanzia mizunguko 10,000 hadi 22,000. Meza ya kuifungia nimeunda mwenyewe. Tatizo ni biti. Niliingia duka moja Gerezani nikafunguliwa sanduku la biti kama hamsini, kila moja na mkunjo wake. Nikatoka na moja ya oji, ile inayochora herufi S ukingoni, kwa sababu tu iling'aa kuliko wenzake. Sasa naiangalia mezani sijui nifanye nayo nini.

Mama watoto kanitumia picha ya milango ya paneli zilizoinuka katikati kama mto, pembeni mikunjo juu ya mikunjo. Mimi roho yangu iko kwa Shaker: fremu ya mbao nne, paneli bapa katikati, basi. Mfuko unaruhusu biti mbili tatu zaidi. Mbao bado sijanunua. Mtu anaanza kuchagua umbo la mlango au biti?

Nusu Inchi

Anaanza kuchagua mke. Wewe umeshachagua, kwa hiyo na umbo limeshachaguliwa. Uzi ufungwe.

Randa ya Babu

Kijana, usimsikilize huyo. Umeuliza swali zuri. Nina miaka mingi Keko, na wateja wengi wanakuja na picha kwenye simu kabla hawajajua kama wanapaka rangi au vanishi. Anzia hapo. Ukishajibu, nusu ya lile sanduku la Gerezani umelifunga.

Kama ni rangi, usitie mninga wala mkongo humo, utakuwa unazika mali. Fremu tumia mbao ya kawaida iliyokauka vizuri, paneli weka MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Paini ya Sao Hill inafaa, ila vifundo vyake vinatoa utomvu ambao baada ya miezi unachungulia kwenye rangi nyeupe kama doa la chai, kwa hiyo vifundo vipake sheleki kwanza. Kama ni vanishi, chukua mninga au mtiki. Hapo mikunjo ina faida, kwa sababu jicho linaona nyuzi za mbao zikipanda na kushuka. Mkunjo ukiupaka andakoti mara mbili na rangi mara mbili, ile S inajaa inakuwa kama kidonda kilichopona. Umelipia biti ya bei kuchora kitu kisichoonekana.

Sasa hiyo milango ya mama watoto. Paneli ya kuinuka inataka biti kubwa, ile ya kulala, kipenyo milimita 80 hadi 89. Ukiiendesha hiyo ya 89 kwa mizunguko 22,000, ncha yake inakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 360 kwa saa, na vidole vyako viko jirani. Biti hiyo ni ya mizunguko 10,000 hivi, kwenye meza tu, na paneli unaipitisha mara nne tano ukiinua biti kidogo kidogo. Iko ya kusimama, nyembamba, milimita 38 hivi, ni ya upole zaidi, ila paneli unaisimamisha wima kwa hiyo inataka ubao mrefu wa kuegemea. Kwa ruta ya mkononi biti ya paneli usiiguse kabisa. Nimemwona mtu akijaribu. Hakuumia, lakini ruta aliikuta upande wa pili wa banda.

Kwa mtu anayeanza, tafuta seti ya dume na jike. Biti moja inachimba mfereji na kuchora ukingo wa ndani wa fremu kwa mpigo mmoja, ya pili inakata vichwa vya mbao za kulala vikae kwenye mfereji huo kama ulimi. Zinauzwa mbili pamoja, na umbo lazima lifanane. Usinunue moja leo duka hili na nyingine kesho duka lile, hazitaoana.

Mwalimu wa Hesabu

Nyongeza ndogo kwa mleta uzi. Shaker walikuwa watu kweli, dhehebu la Kikristo lililotoka Uingereza likahamia Marekani mwaka 1774 chini ya mama mmoja anaitwa Ann Lee. Samani zao hazikuwa na urembo kwa sababu ya imani. Na hawakuwa wanaoa.

Nusu Inchi

Hawakuwa wanaoa? Ndiyo maana hakuna aliyewatumia picha.

Shangazi Mapishi

Wanaume mnapiga soga za biti, nani kati yenu anayeosha hiyo milango?

Mimi nimeishi na milango ya oji miaka tisa, ya kahawia, ilikuja na nyumba. Kila ikikaribia Idi nakaa chini sakafuni na mswaki wa zamani na maji ya sabuni, nasugua kwenye ule mkunjo. Mvuke wa mafuta ya maandazi unapanda unatua pale, vumbi linakuja juu yake, unga wa ngano unafuata, ikifika mwezi wa tatu pana ukoko. Kitambaa hakifiki. Mlango ulio karibu na jiko la gesi ndio mbaya kuliko yote, pale kwenye kona ya chini ya paneli mende walishafanya makazi.

Mwambie mkeo kwa sauti yangu: picha ile ilipigwa kwenye jiko ambalo hakuna mtu amewahi kukaanga dagaa.

Lakini na wewe na Shaker wako msijione. Ile mbao ya kulala ya chini, pale paneli inapokutana nayo, inatengeneza kijirafu. Dada yangu anayo. Unga unakaa pale kama umewekewa kibao. Ni rahisi kufuta, lakini ufute kila siku. Kama kuna fundi anaweza kukata hicho kijirafu kwa mteremko, maji na unga viteleze vyenyewe, huyo nampa tenda leo.

Randa ya Babu

Shangazi, yupo. Hizo seti za dume na jike nilizosema zina aina yenye mteremko. Ukingo wa ndani wa fremu unashuka kwa mshazari mpaka kwenye paneli, badala ya kukatika kwa pembe mraba. Ukisimama mbali unaona Shaker, ukisogea unaona kivuli chembamba kinazunguka paneli. Na rangi inapakika vizuri kwa sababu brashi haikwami kwenye kona. Mimi mwenyewe ndiyo ninayoipenda, nilikuwa nasubiri aulize.

Mvita Magharibi

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu, waonaje ukaacha fremu kabisa? Hapa kwetu hewa ya chumvi na unyevu, mbao hazitulii. Mimi nilikata milango ya MDF ya milimita 18 kipande kimoja, nikaweka kiolezo juu, nikachimba sehemu ya katikati kwa biti iliyonyooka yenye beringi, kina milimita 6. Ukiona kwa mbali ni Shaker. Hakuna kiungo cha kufunguka, hakuna paneli ya kucheza.

Kasoro zake nitakwambia pia. Kona za ndani zinabaki mviringo kwa kadiri ya biti yako, sharti uzimalize kwa patasi moja moja, na milango 11 ina kona 44. Pili, MDF ukiichimba, pale ndani panakuwa na manyoya na panakunywa rangi kama mchanga. Mimi napaka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ikauke, msasa mwepesi, halafu andakoti. Na upake nyuma sawasawa na mbele, la sivyo mlango utajipinda kama papa aliyeanikwa. Vaa barakoa, vumbi la MDF si vumbi la mbao.

Tafuta ile ya rangi ya kijani ndani, mara nyingi ndiyo inayovumilia unyevu. Vumilia, si kuoga. Na usishawishiwe na milango iliyovishwa ngozi ya plastiki. Iliyo kando ya jiko ngozi hubanduka pembeni kwa joto.

Tena jambo moja muhimu kuhusu hiyo biti ya oji uliyonunua. Usiitumie kwenye ukingo wa nje wa mlango kabla hujafikiria hinji. Mimi nilifanya hivyo. Hinji za kikombe zinataka tundu la kipenyo cha milimita 35, kina kama 12 na nusu, na tundu linaanza milimita 5 hivi kutoka ukingoni. Oji yangu ilikuwa imekula mbele upana wa milimita 10 na kina 8. Basi hesabu mwenyewe: bodi 18, mbele pameshaondoka 8, nyuma natoboa 12 na nusu. Kekee ikatokea mbele, kwenye uso wa mlango uliokwisha kupakwa rangi. Nilikaa kwenye kigoda nikautazama ule mwezi mchanga kama dakika kumi.

Mchanga wa Chanika

Aisee. Nimempa mama watoto simu asome mwenyewe post ya Shangazi. Alinyamaza, akauliza "huo mteremko ukoje?" Nimeona ni ushindi nusu.

Kwa hiyo: rangi, fremu ya mbao, paneli MDF, seti ya mteremko. Mzee Randa na Mwalimu, vipimo vinakwendaje? Boksi langu moja lina upana wa nje milimita 400 na kimo 720.

Mwalimu wa Hesabu

Mlango unaofunika boksi lote, uache milimita 2 kila upande. Kwa hiyo mlango ni 396 kwa 716.

Mbao za wima ziwe na upana wa milimita 60, urefu 716, hazina hesabu. Shida huwa za kulala, watu wanasahau ulimi. Pima kina cha mfereji wa biti yako, nyingi ni milimita 10 hivi. Basi 396 toa 120 za wima mbili, unapata 276, ongeza ulimi 10 kila kichwa, unakata 296. Ukikata 276 umeshapoteza mbao, na kila mtu hukata 276 mara ya kwanza.

Paneli: upana 296 na kimo 616 ndiyo nafasi kamili mpaka chini ya mfereji. Kwa kuwa ni MDF, punguza milimita 2, iwe 294 kwa 614. Ingekuwa mbao tupu ningekwambia upana uwe 290, kwa sababu mbao hutanuka kwa upana masika ikifika. Na paneli ya mbao haipakwi gundi hata tone, iache iogelee kwenye mfereji. Ukiigundisha, ama itapasuka yenyewe ama itapasua fremu.

Randa ya Babu

Mwalimu kamaliza, naongeza ya mikononi.

Kata vichwa vya mbao za kulala kwanza, ndipo uchimbe mifereji ya urefu. Biti ikitoka mwisho wa kichwa hunyofoa nyuzi. Ukianza na vichwa, ule mnyofoko utaliwa na mkato wa pili. Na nyuma ya mbao weka kipande cha taka kiisindikize. Usishike kimbao cha sentimita sita kwa mkono mtupu ukakisogeza kwenye biti, kifunge kwenye kibao kinachoteleza.

Mezani unasukuma kutoka kulia kwenda kushoto, biti iwe inakuja kukupinga. Ukisukuma upande mwingine itakunyang'anya mbao na mkono utafuata.

Kimo cha biti ya pili hukipati kwa rula. Kata vipande viwili vya taka vyenye unene uleule wa mbao yako, viunganishe, pitisha kucha juu ya kiungo. Kucha ikikwama, panda au shuka kidogo, kata tena. Mimi kile kipande kilichokaa sawa nakiandika kwa penseli na kukihifadhi. Safari nyingine napanga biti kwa kukitazama.

Mbao ukinunua zilaze ndani ya nyumba kwenye vijiti, wiki tatu nne. Mbao nyingi za yadi bado zinanuka msitu.

Mchanga wa Chanika

Wakuu, nimerudi na msiba mdogo.

Seti ya mteremko niliipata duka lingine, si lile la kwanza. Nikaifunga, ikaonekana imebana. Vipande vya majaribio safi kabisa. Nikaingia kwenye mbao zenyewe, ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu naona mfereji unaanza kupanda. Mwanzo wa mbao uko katikati, mwisho wake uko milimita 3 juu, kama njia ya panya. Nikazima. Kushika biti, inazunguka kwa vidole.

Nimeharibu mbao mbili za wima. Nini hiki, koleti imechoka?

Randa ya Babu

Chukua kalipa upime shina la biti.

Mchanga wa Chanika

Milimita 12 kamili.

Randa ya Babu

Nusu inchi ni 12.7. Hiyo ndiyo habari yako yote. Biti za milimita 12 na za nusu inchi zinachanganywa dukani kwenye sanduku moja, na kwa macho hutofautishi. Koleti ya nusu inchi ikiishika ya 12 inaishika kwa kuazima. Mshukuru Mungu ilipanda polepole, ingeweza kutoka. Rudisha, au nunua koleti ya 12 ya mashine yako kama ipo. Usizungushie karatasi wala bati la kopo, najua umeshafikiria.

Nusu Inchi

Jina langu limetajwa mara nyingi leo kuliko mwaka mzima.

Mchanga wa Chanika

Bati la kopo nilikuwa nimeshalikata, Mzee. Nimelitupa.

Biti wamenibadilishia, kwa maneno mengi. Sasa ninayo ya 12.7 kweli, nimekwenda na kalipa mfukoni. Na nimeongeza moja ndogo ya raundi ya milimita 3 kwa ukingo wa nje, kufuatana na habari ya Mvita.

Mvita Magharibi

Umefanya la maana. Rangi haipendi kona kali, hukimbia ikabaki utando, na hapo ndipo inaanza kubanduka. Raundi ya 3 inatosha kwa rangi na haigusi tundu la hinji.

Mchanga wa Chanika

Mlango wa kwanza umesimama. Mmoja tu, ule ulio kando ya jiko, nimeufunga makusudi pale ili uteswe kabla sijakata mingine kumi.

Niseme niliyoyaona. Paneli ya MDF niliyonunua ya milimita 6 ilikuwa inacheza kwenye mfereji, mlango ukifungwa unasikia tak-tak. Mfereji wa biti ni 6.35. Nimekata vipande vidogo vya ndala ya zamani, nikavisokomeza ndani ya mfereji, viwili kila upande, kelele imekwisha. Kwenye milango iliyobaki nitatumia paneli ya milimita 9 na kuikata ukingo wa nyuma ipungue mpaka iingie, inaonekana itakuwa nzito na tulivu zaidi.

Rangi nimepaka nyeupe ya maziwa. Ule mteremko ukiwasha taa usiku unatoa mstari wa kivuli mwembamba sana. Mama watoto amekaa anautazama, akasema "kumbe si bapa." Nikasema si bapa. Nikaona niishie hapo.

Shangazi Mapishi

Umeshakaanga kitu karibu yake?

Mchanga wa Chanika

Shangazi, wiki mbili sasa. Vitumbua mara tatu, dagaa mara moja, na Jumapili wali ulifurika. Nafuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kuanzia juu kushuka, kinateleza mpaka chini bila kukwama. Kwenye kona nne tu ndiyo naingiza kidole. Kona ya chini kushoto rangi imeanza kuonyesha mstari pale mbao mbili zinapoungana, nadhani niliwahi kupaka gundi haijakauka.

Randa ya Babu

Au mbao haijakauka. Hiyo mingine kumi subiri wiki mbili zaidi, jiko halikimbii. Na usiibane kwa klampu mpaka gundi yote itoke kama jasho, unabakiza kiungo kikavu.

Shangazi Mapishi

Mimi nimekubali. Mzee Randa, nitakutafuta, milango yangu ni 14.

Nusu Inchi

Mleta uzi, ile biti ya oji uliyonunua kwa sababu inang'aa bado ipo? Kama huitumii nina koleti ya nusu inchi hapa, nitakupa bei nzuri.

Mchanga wa Chanika

Haiuzwi. Mama watoto ameiona mezani, amesema anataka fremu ya kioo cha chumbani, yenye mikunjo yote.